Jacob Wainwright: Kijana Aliyeandika Habari na Kusoma Sala



Kila mgeni afikaye Ujiji hupelekwa kwenye mnara wa Livingstone. Huonyeshwa miembe inayosemekana kuwa machipukizi ya ule wa zamani, huambiwa habari za tarehe 10 Novemba 1871, siku ambayo Stanley hutajwa kuwa ndipo alipomkuta Livingstone hapo, kisha hurudi zake Kigoma ameridhika. Majina mawili yamemtosha. Watoto wetu shuleni hujifunza hayo hayo mawili, na mwalimu mwema huongeza Susi na Chuma. Katika somo la mwezi huu tunataka kumtazama mtu wa tano, Jacob Wainwright. Hakuwa kasisi wala shemasi, na magazeti ya Kiswahili yalikuwa hayajaanza. Hata hivyo aliwahi kufanya kazi ya mwandishi wa habari na kazi ya mhudumu wa Kanisa, tena kwa wakati mmoja, mahali ambapo hapakuwa na mwingine wa kuzifanya.

Alikuwa Myao wa upande wa Ziwa Nyasa. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa. Manowari ya Waingereza iliyokuwa ikivizia majahazi ya watumwa ilimwokoa, lakini haikumrudisha kwao. Watoto wa namna hiyo walipelekwa Bara Hindi, na wengi wao wakawekwa katika shule ya CMS karibu na Nasik, upande wa Bombay. Huko walifundishwa kazi za mikono, kusoma, kuandika na Kiingereza, wakabatizwa na kupewa majina ya Kizungu. Basi ndugu, tuelewe vizuri: huyu alikuwa mgeni mara mbili kabla hajaota ndevu. Utumwa ulimng'oa kwao, na uhuru nao ukampeleka mbali zaidi.

Mwaka 1872 vijana sita wa Nasik, Jacob akiwa mmoja wao, waliletwa Afrika wajiunge na msafara wa kumtafuta Livingstone. Msafara huo ulivunjika pwani, kwa sababu Stanley alikuwa amekwisha kurudi na habari kwamba mzee yu hai. Yeye na Livingstone walikuwa wameondoka Ujiji tarehe 27 Desemba 1871 wakaenda pamoja mpaka Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo, na hapo ndipo Livingstone alipobaki akingoja watu. Stanley akiwa pwani aliwakusanya watu zaidi ya 50, wale vijana sita wakiwamo, akampelekea. Walifika tarehe 14 Agosti 1872, na siku kumi na moja baadaye msafara ukaondoka.

Safari hiyo haikupita Ujiji. Walishuka kuelekea kusini-magharibi, wakaliona Ziwa Tanganyika mwezi wa Oktoba, wakafuata vilima vya ufukoni kwenda Ufipa. Wenzetu wa Kalya na kule chini wanajua jua la Oktoba juu ya mawe yale likoje kabla mvua hazijakolea. Livingstone alikuwa mgonjwa tayari. Walizunguka ncha ya ziwa, wakaingia katika mabwawa ya Bangweulu, na mzee akafia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo. Watumishi wake walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda.

Hapo ndipo kazi ya Jacob inapoanza. Wale watu wangaliweza kumzika mara moja na kutawanyika. Badala yake walikaa baraza wakaamua kumpeleka mzee kwao, jambo la hatari katika nchi ambako maiti ilihesabiwa kuwa mkosi. Lakini walijua pia kwamba wakifika pwani wataulizwa: vitu vyake viko wapi? Kwa hiyo masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, na Jacob akaitwa aandike kila kilichomo. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, akatoa moyo na viungo vya ndani, vikawekwa katika kisanduku cha bati na kuzikwa chini ya mti. Mwili ukakaushwa kwa chumvi na jua kwa siku 14, ukafungwa ndani ya gome la mti na turubai.

Wakati wa kuuzika moyo, Jacob alisoma ibada ya mazishi kutoka Kitabu cha Sala. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Aliyesoma hakuwa na cheo chochote cha Kanisa. Aliyesomewa hakuwa Mwanglikana, bali Mskoti aliyekuja Afrika kwanza kwa London Missionary Society. Waliosimama pale wengi hawakuwa Wakristo. Wako watakaouliza kama ibada ile ilikuwa halali kwa taratibu. Sisi tunaona taratibu zimewekwa ili maiti asizikwe pasipo sala, wala si ili sala ingoje mwenye cheo aliye mbali kwa mwendo wa miezi.

Kisha akachonga katika mti jina la marehemu, tarehe, na majina ya viongozi wa msafara. Lake mwenyewe hakulichonga. Tarehe aliyoiweka ni 4 Mei 1873, lakini kaburi la London linasema 1 Mei. Livingstone aliandika mara ya mwisho tarehe 27 Aprili, na waliokuja kukitengeneza kitabu chake Uingereza wakakubaliana juu ya 1 Mei kwa kuhesabu siku pamoja na Susi na Chuma. Lakini maandishi ya mti yaliandikwa pale pale. Gogo lenyewe lilikatwa mwaka 1899 likapelekwa London.

Sasa tuje kwenye barua. Mwezi wa Oktoba 1873 msafara ulikaribia Unyanyembe, ukiwa na njaa. Walikuwa wamesikia kwamba mtoto wa Livingstone yuko njiani anakuja. Basi Jacob akamwandikia barua kwa Kiingereza, na Chuma akatangulia nayo. Barua ni fupi sana. Inasema baba yako amefariki ng'ambo ya nchi ya Wabisa, mwili tunao, wenzetu kadhaa tumewapoteza, na tunaomba nguo za kununulia chakula. Mwishoni inauliza: tutakapoingia, tupige bunduki au tusipige? Mkitaka tupige, tuleteeni baruti. Mtoto hakuwapo. Aliyeipokea ni Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, na hivyo ndivyo dunia ilivyopata kujua kwa maandishi kwamba Livingstone amekufa. Waandishi wengi wangeanza kwa kulia. Jacob alitaja nani amekufa, wapi, tunahitaji nini. Hata swali la bunduki lina maana yake, kwa kuwa msafara uliingia mjini kwa milio ya furaha, na wao walikuwa na maiti.

Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Mbele kidogo, penye watu waliowazuia, walitengeneza mzigo wa uongo wakajifanya wanaurudisha Unyanyembe kuuzika, huku mwili wenyewe ukiendelea pwani umefungwa kama robota la nguo. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa na zaidi ya maili 1,000. Mwezi huo huo Cameron alifika Ujiji akayakuta makaratasi ambayo Livingstone aliyaacha kwetu, akayapeleka pwani. Hivyo mwili na maandishi vilifika bahari kwa njia mbili, vyote kwa miguu ya wapagazi.

Huko pwani wapagazi walilipwa ujira wao wakaambiwa waende zao. Kwa gharama ya CMS Jacob peke yake alisafiri na jeneza mpaka Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika kitambaa cha jeneza katika Westminster Abbey, pamoja na Stanley. Susi na Chuma, waliomtumikia mzee kwa miaka mingi kuliko Jacob, walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Hilo halikuwa haki, wala kosa halikuwa la Jacob. Jiwe la kaburi linasema kwamba marehemu aliletwa na mikono ya waaminifu. Haukutajwa mkono wa mtu hata mmoja.

Jacob alikuwa pia na daftari lake. Alianza kuliandika Chitambo, akalifunga pwani. Mwaka 1874 lilichapishwa kwa Kijerumani katika jarida la jiografia la Petermann. Daftari lenyewe lilihifadhiwa katika makumbusho ya Livingstone huko Blantyre, Scotland, na katika miaka ya karibuni kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti. Msimulizi, gazeti la wanafunzi wa Kiungani kule Unguja, lilianza mwaka 1888. Jacob alikuwa amelitangulia kwa miaka 15, bila mhariri na bila mtambo.

Maisha yake ya baadaye hayakuwa ya shangwe. Alirudi Mombasa na wamisionari, lakini hakudumu nao. Baadhi ya Wazungu waliandika kwamba anajivuna. Huenda ni kweli. Kijana aliyewekwa mbele ya makutano Uingereza, kisha akarudishwa kwenye kazi ya kutumwa huku na huku, angefanyaje? Wengine wawili wa Nasik, William Jones na Ishmael Semler, waliwekwa mikono kuwa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Jacob hakuwekwa. Alimaliza siku zake Urambo, katika kituo cha London Missionary Society, akafa mwaka 1892. Anayepanda treni Kigoma kwenda Tabora hupita pale.

Kwa vikundi vya kusoma Biblia: someni kwanza Mwanzo 50:22-26 na Kutoka 13:19, juu ya mifupa ya Yusufu. Halafu someni Yeremia 36 yote pamoja na 43:1-7. Baruku naye alikuwa mwandishi wa habari za mtu mwingine. Kitabu chake kilichomwa moto, akaandika tena, kisha akachukuliwa mpaka Misri pasipo hiari yake. Jadilianeni ni yupi kati ya hawa wawili, mchukua mifupa au mwandishi, anayefanana zaidi na Jacob. Miongoni mwetu wako waliovuka ziwa kutoka Kongo na waliokuja kutoka Burundi, tangu 1972 na baadaye. Waulizeni ni nani aliyekuwa akiwaandikia barua njiani, na ni nani aliyewasomea sala walipomzika mtu. Majina watakayoyataja yaandikwe katika daftari la mtaa, na katibu wa kikundi alete nakala kwa mchungaji.