Upigaji Picha wa Ndege-mwitu katika Mtaa wa Huruma, Nairobi: Suala la Makazi Asilia na Majina

Makazi asilia yanapotajwa, aghalabu msomaji huwazia Msitu wa Kakamega au heroe wa Ziwa Nakuru. Mwanafunzi wa upigaji picha aishiye Huruma, mashariki mwa Nairobi, hana haja ya kungojea nauli ya huko. Makala haya yanashikilia kwamba makazi asilia ya ndege ni pale anapojitafutia riziki kwa hiari yake, pasipo kufugwa. Kwa kigezo hicho, kingo za Mto Mathare na machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko ni makazi kamili, ijapokuwa harufu yake haimvutii mtalii.

Somo la kwanza ni kutazama bila kamera. Anayeharakisha kupiga picha hurudi nyumbani na mikia mitupu. Mwewe huzunguka juu ya machinjio, mkia wake wenye panda ukijipinda kama usukani. Anapokunja mbawa, yuko tayari kushuka, na hapo ndipo kidole kinapopaswa kuwa tayari. Korongo mkubwa mwenye mfuko shingoni, yaani marabu, humfaa zaidi anayeanza kwa kuwa husimama kitambo kirefu pasipo kutikisika. Upara wake una kazi: kichwa kisicho na manyoya hakigandi damu kiingiapo katika mzoga. Weupe wa miguu yake nao ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia ili kupunguza joto.

Mwanga ndio mtihani mgumu. Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo jua hupanda upesi. Kufikia saa tatu asubuhi vivuli huwa vikali. Kwa ndege arukaye, kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi huhitajika, na ukali wa picha ulengwe jichoni. Anga angavu huihadaa kamera, ndege akatoka mweusi tii. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa hatua moja au mbili. Lakini kunguru mwenye kifua cheupe huwatatiza hata wazoefu, maana mwanga unaofichua manyoya meusi huufuta weupe.

Kadhalika, wachuuzi wa nyama wana haki ya kuombwa ruhusa kabla ya lenzi ndefu kuelekezwa upande wao.

Linalowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili ni maelezo ya picha. Kamusi mara nyingi hutosheka kusema "aina ya ndege", na neno korongo limebebeshwa ndege kadhaa wenye miguu mirefu, mbali na maana yake ya bonde jembamba lililochimbwa na maji. Wenzao wa sayansi wamejizoeza kutaja ndege kwa usahihi katika matembezi ya Jumatano asubuhi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno jijini Nairobi mwaka 1971. Mwanaleksikografia chipukizi anaweza kuanzia Kiamaiko: chini ya kila picha aandike tarehe, mahali, alichokuwa akifanya ndege, na jina analoitwa na wakazi, liwe la Kiswahili sanifu, la Sheng au la lugha nyingine. Picha ya marabu iliyoandikwa "korongo" tu haimwezeshi msomaji wa Lamu kujua ni yupi miongoni mwa makorongo anayetajwa.