Bendera Kubwa Juu ya Kreni: Mzigo Halisi ni Upepo

Maadhimisho ya kitaifa, kama vile Muungano tarehe 26 Aprili na Uhuru tarehe 9 Desemba, hupambwa kwa bendera. Katika baadhi ya nchi, hususan Marekani, imezoeleka pia kuning'iniza bendera kubwa kwenye kreni, yaani mtambo wa kunyanyulia vitu vizito, ili ionekane kutoka mbali. Kwa kuwa mitambo hiyo sasa hufika hadi vijijini kwa ujenzi wa barabara, madaraja na majengo, ni vyema wakazi wa kata wakaielewa hatari iliyomo kabla kamati yoyote ya sherehe haijaomba msaada wa namna hiyo.

Kitambaa chepesi, nguvu kubwa

Wengi hudhani kwamba mtambo unaobeba tani 20 hauwezi kusumbuliwa na kitambaa. Dhana hiyo huangalia uzito na kuusahau upepo. Wavuvi na mabaharia wanalifahamu jambo hili: tanga ni jepesi, lakini likijaa upepo huisukuma jahazi pamoja na shehena yake yote.

Chukua mfano wa bendera yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 9, ambayo eneo lake ni mita za mraba 54. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa, husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 6. Bendera hiyo ikitandazwa na kufungwa pembe zote, msukumo wake hukaribia kilo 330. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, hivyo msukumo huo huvuka kilo 1,300. Bendera inayopepea ikiwa imefungwa upande mmoja hukinga upepo kidogo zaidi, ila huchapa na kuvuta kwa mishtuko inayolegeza vifungo.

Kreni haikuundwa kuvutwa kando

Mkono wa kreni umeundwa kubeba mzigo unaoning'inia wima chini ya ndoano. Msukumo wa upepo huuvuta mkono huo kwa ubavu, upande ambao nguvu zake ni ndogo. Kadiri mkono unavyorefushwa, ndivyo msukumo huo unavyozidi kuelekea kuuangusha mtambo mzima. Isitoshe, upepo wa juu kwa kawaida ni mkali kuliko ule unaohisiwa ardhini. Kwa kreni ya mnara, bendera au bango linaweza pia kuuzuia mkono usigeuke kwa uhuru kufuata upepo baada ya saa za kazi, ilhali kugeuka huko ndiko kunakoulinda mnara.

Ajali ya Milwaukee, Marekani, ni funzo. Tarehe 14 Julai 1999, kreni kubwa ilianguka ikiwa imebeba kipande cha paa la uwanja wa michezo wa Miller Park chenye uzito wa zaidi ya tani 400, na wafanyakazi 3 wakafariki. Uchunguzi ulibaini kwamba nguvu ya upepo juu ya kipande hicho kipana haikuzingatiwa ipasavyo. Haikuwa bendera, lakini kanuni ni ileile: kitu kipana kilichoinuliwa juu huukinga upepo.

Mambo ya kuzingatia

Njia iliyo salama zaidi ni kuipandisha bendera kwenye mlingoti uliosimikwa imara kwa kazi hiyo. Endapo kreni itatumika, yafuatayo ni ya lazima:

1. Maelekezo ya mtengenezaji wa mtambo yaruhusu jambo hilo, na mhandisi akokotoe nguvu ya upepo kwa ukubwa wa bendera husika.

2. Mtambo uwe umekaguliwa kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa OSHA.

3. Mtambo usimame juu ya ardhi ngumu na tambarare, mbali na nyaya za umeme.

4. Mwendeshaji mwenye sifa asiondoke wakati wote bendera ikiwa juu, naye awe na mamlaka ya kuishusha bila kusubiri idhini ya mgeni rasmi.

5. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ufuatiliwe, na bendera ishushwe kabla ya giza na kabla ya mvua.

6. Watu, hasa watoto, wakae mbali kuzidi urefu wote wa mkono wa kreni.

Mkazi asiye na kipimo cha upepo anaweza kuitazama miti. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, upepo umeshafikia kati ya kilomita 30 na 38 kwa saa. Akiona bendera ingali juu ya kreni katika hali hiyo, aondoke eneo hilo, awatahadharishe wenzake na kutoa taarifa kwa msimamizi wa mtambo au Mtendaji wa Kata.

Heshima ya bendera haipimwi kwa urefu inakopandishwa. Tahadhari kabla ya hatari.