FUNDISHO: FEDHA YA MFALME KATIKA KAZI YA MUNGU

Somo: Ezra 7:11-20 na 8:21-34



Baba na mama wa hapa Katanika wanauliza: kanisa linaloongozwa na Roho linaweza kupokea fedha ya Serikali kwa shule yake, ao ni kujiuza?

Ezra alikutana na jambo hilo. Aliona haya kumwomba mfalme askari wa njiani, kwa kuwa alikwisha kumwambia kwamba Mungu huwalinda wanaomtafuta. Wakafunga na kuomba. Lakini fedha ya mfalme huyo huyo hakuikataa. Ilisafiri pamoja na sadaka za Waisraeli. Aliwapimia makuhani kwa mizani talanta 650 za fedha, na kule Yerusalemu ikapimwa tena, uzito wote ukaandikwa.

Katika nchi yetu mkono wa mfalme haukuwa sawa kwa wote. Kwa mapatano ya 1906 na Roma, misioni za Katoliki zilipewa ardhi ili zifungue shule. Waprotestanti walingoja msaada wa fedha mpaka 1948. Na manabii weusi? Simon Kimbangu alifungwa 1921, akafa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mwaka 1951. Wazee wetu walijifunza kuogopa mkono huo, wala hawakukosea. Mwisho wa 1974 Mobutu alichukua shule za makanisa yote. Zikamshinda. Tarehe 26 Februari 1977 akatia mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Angalieni vizuri: kanisa ambalo nabii wake alikufa gerezani likaweka sahihi pamoja na Serikali. Waislamu wakaingia baadaye.

Kwa mkataba huo Serikali inalipa mwalimu, inatoa programu na kutuma inspekta. Kanisa linasimamia shule. Hiyo si zawadi kwa dhehebu. Ni kodi ya mama anayeuza ndakala sokoni, awe Mwislamu ao Mkatoliki. Ndiyo sababu kifungu cha 45 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumbagua mtoto kwa dini yake. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya msingi katika shule za Serikali ni bure, na shule za konvansio zinahesabiwa humo. Mambo hayo yalianza kutendeka Septemba 2019. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi wazazi walimlisha mwalimu kwa primi, na mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Kumfukuza mtoto wa namna hiyo chini ya jina la kanisa ni aibu, hata kama direkta ana barua nzuri.

Lakini tusidanganyane. Walimu wengi hawana namba ya matrikule, basi mshahara hauwafikii. Madarasa yamejaa. Anayetaka mkataba ahesabu kwanza, maana mwalimu huyo atakula kwa sadaka zetu, si kwa mkono wa mtoto.

Kwa vikundi vya Jumatano: Kwa nini Ezra alikataa askari na kukubali fedha? Mwalimu wetu akikaa miezi sita bila mshahara, tutamlisha kwa muda gani? Nani kati yetu atashika mizani, na hesabu itasomwa mbele ya nani, waamini peke yao ao wazazi wote?