Fibromialjia: maumivu ya mwili mzima na kazi ya kakao

Katika mkutano wetu wa Kamango mama mmoja alisimama akatuuliza swali lisilokuwa la mbegu wala la mbolea. Hospitali walimwambia ana fibromialjia. Damu ilipimwa, picha za mifupa zilipigwa, yote safi. Nyumbani wanasema ni uvivu, majirani wanasema amelogwa. Na kamati imekwisha kumwandikia faini mbili za salongo. Akauliza: «Sasa niache shamba?»

Sisi tuko wataalamu wa kilimo, hatuko wanganga. Tulikwenda kuuliza wenye kujua.

Usiache, mama. Mishipa ya fahamu ndiyo inapeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Kwa mwenye fibromialjia habari ile inakuzwa sana, kama redio ambayo mtu ameifungua sauti mpaka mwisho. Kikapu chepesi kinauma kama kizito. Maumivu ni ya kweli, hata kama picha haioneshi kitu. Lakini viungo haviharibiki, na kazi ya kiasi haitamlemaza. Maumivu hayo yanapita miezi 3, yanakuja na uchovu, kusahau, na usingizi usiopumzisha. Wanaume pia wanaugua, ila wanawake ni wengi zaidi.

Na usingizi huku kwetu ni shida. Julai 2013 Kamango ilishambuliwa, watu zaidi ya 60,000 wakavukia Bundibugyo, Uganda. Wako wanaolala sikio wazi mpaka leo. Hofu na usingizi mbaya vinaongeza maumivu, munganga anapaswa kuambiwa hayo pia.

Tuseme wazi juu ya dawa, maana feza ya kakao inaishia farmasi. Sindano za diklofenaki na vidonge vya ibuprofeni hazisaidii sana, juu hakuna uvimbe wa kuondoa, tena zinaweza kutoboa tumbo. Prednisoloni na deksametazoni vilevile hazitibu ugonjwa huu. Munganga anaweza kutoa amitriptilini kidogo usiku, musiinunue wenyewe. Kitu wataalamu wa Ulaya walichokiweka mbele ya dawa zote, mwaka 2016, ni mazoezi ya mwili. Kumbe mkulima anayo tayari, shida iko kwenye kipimo.

Kosa tunaloliona ni hili: siku njema mama anaamka mwepesi, anavuna pori lote, anapasua matunda yote, halafu siku tatu hawezi kutoka kitandani. Afanye kinyume. Apange kazi kwa saa, si kwa nguvu anayoisikia. Tunashauri dakika 20 za kazi, 10 za kupumzika, hata kama hajachoka. Kupasua kakao afanye amekaa, na leo apasue, kesho avune. Mzigo agawe mara mbili. Kamba ya kichwani yenye mzigo mzima inavuta shingo na mabega, ndipo wengi wanaumia zaidi. Kugeuza kakao kwenye sanduku la kuchachusha ni kazi nzito, kijana afanye. Siku mbaya asilale mchana kutwa: atembee kidogo, hata dakika 10 kuzunguka nyumba. Akizoea, aongeze polepole, kwa majuma, si kwa siku.

Lakini si kila maumivu ni fibromialjia. Homa, kukonda, kiungo kuvimba, mguu kukosa nguvu: hapo arudi kituo cha afya haraka, hata kama jina la ugonjwa limekwisha kuandikwa.

Kwa kamati: mtu huyu hafai kutozwa faini, anafaa kubadilishiwa kazi. Kupima mizani, kuandika daftari, kuchagua mbegu mbovu kwenye kianikio, zote ni kazi za koperative na zinahitaji mtu mwangalifu. Tulilisema hili Kamango, na wazee wawili hawakufurahi. Faini moja ilifutwa. Ya pili ingali kwenye daftari, itajadiliwa mkutano ujao.