Kuonja na Kulewa: Bia ya Watrapisti na Nipa ya Mabibo

Msimu wa mabibo, kati ya Oktoba na Desemba, frateri anayepita Lupaso hakosi kuulizwa na wazee: "Mbona Ulaya wamonaki wenyewe wanapika pombe kali, nanyi mnatukataza nipa?" Swali ni zuri. Kujibu kwamba pombe yenyewe ni dhambi hakufai, kwa kuwa Kanisa halifundishi hivyo.

Na wazee wanasema kweli. Katika abasia ya Rochefort, Ubelgiji, Watrapisti hupika bia nyeusi yenye kileo cha asilimia 11.3. Chupa yake ya mililita 330 ina kileo kitupu cha mililita 37 hivi. Chupa ya mililita 500 ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25 tu.

Bia hiyo huonjwa taratibu. Humiminwa katika glasi pana yenye mguu, wala haiwi ya barafu, maana baridi kali huufisha ulimi. Kwanza hunuswa: zabibu kavu, tini, sukari iliyoungua. Kisha funda dogo huzungushwa mdomoni. Utamu hutangulia, uchungu hufuata, na mwishoni joto hushuka kifuani. Joto hilo ni taarifa. Anayeonja hivi anajua anakunywa nini, naye bado ana nafasi ya kuweka glasi chini.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapojadili ulevi katika Summa, huanzia kwenye kujua. Aliyelewa kwa kutojua nguvu ya kinywaji hana hatia ileile. Hapo anamtaja Nuhu. Hatia nzito ni ya anayejua kuwa kinywaji kinazidi na kinalevya, akachagua kulewa kuliko kujizuia.

Sasa turudi kwenye mabibo. Uraka, maji ya mabibo yaliyoachwa yachachuke yenyewe, unaonjeka: tamu, chachu, na ule ukakasi unaoshika ulimi. Anayeuandaa hujua kwa kuonja kama ni wa jana au wa leo. Nipa ni mvuke wa uraka uliochemshwa na kupozwa. Nguvu yake haikupimwa na yeyote, na mnywaji hufumba macho, humeza kwa mkupuo, hukunja uso. Ulimi haukuulizwa kitu. Lakini aliyeinywa miaka kumi hawezi kujitetea kwa udhuru wa Nuhu.

Kuna jambo la pili, ambalo wazee hulisahau (au hujifanya kulisahau). Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo Watrapisti huifuata, na Wabenediktini wa Ndanda hapa jirani pia, inatenga sura ya 40 kwa ajili ya kipimo cha kinywaji: hemina moja ya divai kwa siku. Benedikto anakiweka kwa kusitasita, akijua watu hawafanani, na anawasifu waliojaliwa kuacha kabisa. Aristotle naye alisema kiasi cha kati si hesabu moja kwa wote: chakula kinachomtosha mwanamieleka Milo kinamzidi anayeanza mazoezi.

Kwa hiyo kwa baba ambaye pesa za mnada wa korosho huishia kilabuni kabla ya sare za watoto kununuliwa, kipimo ni sifuri, hata kwa bia ya Rochefort. Na uraka? Nao hulevya. Kikombe huonjwa, dumu zima la lita tano halionjwi.