Dondoo muhimu: Breki za nyuma zikilia au kung'ang'ania

Sherikat, ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile, vumbi la kiangazi na tope la mvua huishia ndani ya ngoma za breki. Probox, kama Toyota nyingi ndogo, ina ngoma hizo nyuma.

Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, weka gia, achilia hendibreki, inua kwa jeki kisha egemeza gari kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini. Kwenye udongo laini iwekee ubao chini.

Ukishatoa gurudumu, ngoma ikigoma kutoka, weka nyundo kando kwanza. Toyota nyingi zina matundu mawili ya hesi kwenye ngoma: ingiza bolti za milimita 8, kaza kwa zamu, itasogea yenyewe.

Vumbi la ndani usilipulize, iwe kwa mdomo au kwa kompresa, kwani linaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe, ufute. Fungua upande mmoja kwanza ili mwingine ukuonyeshe springi zinavyokaa.

Mlio mara nyingi hutoka pale viatu vya breki vinaposuguana na bamba la nyuma. Hapo paka grisi ya joto kali, kidogo mno. Ikigusa laining, kazi imeharibika. Laining ikibaki milimita 1, badilisha pande zote mbili. Silinda inayovuja haina dawa ya kienyeji: nunua nyingine.

Gurudumu liking'ang'ania asubuhi baada ya mvua, shuku waya wa hendibreki ulioshika kutu.

Jaribu polepole mtaani kabla ya kukutana na malori ya barabara ya Nimule.