SOMO LETU: KABLA YA KUTIA SAHIHI KWA MCHAPAJI



Katika matawi yetu wako wenzetu wanaoandika. Mmoja wao, mchuma chai, alijaza madaftari manne kwa habari za maisha ya kambini tangu enzi za baba yake. Kampuni moja ya ng'ambo ilimtaka atoe kwanza ada iliyozidi mshahara wake wa miezi sita. Alikopa, akalipa, akapata nakala 20. Alipotaka kuchapisha nyingine kwingine, alionyeshwa kifungu katika mkataba: haki zote za kitabu ni za kampuni kwa miaka saba. Jasho lake limekuwa mali ya mwingine! Hali hiyo tunaipinga kiwandani na shambani. Tusiikubali katika vitabu vyetu.

Kuchapa kwa agizo ni nini?

Kwa uchapaji wa zamani, kutayarisha mabamba kuligharimu sana, hivyo ilibidi kuchapa nakala mamia kwa mkupuo mmoja. Kwa uchapaji wa agizo, kitabu huhifadhiwa katika kompyuta. Msomaji akinunua nakala moja, huchapwa moja. Hakuna ghala wala hasara ya vitabu kuliwa na mchwa. Lakini gharama ya kila nakala ni kubwa kuliko ya mkupuo.

Mambo matano ya kuuliza

1. Nani anamlipa nani? Mchapaji wa agizo hupata malipo yake katika kila nakala inayouzwa. Lulu, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, na KDP, idara ya Amazon, hazidai ada ya kuanza. Anayetaka fedha nyingi kabla ya kitabu kuuzwa, tumwogope.

2. Haki ni za nani? Mkataba useme wazi kwamba haki zinabaki kwa mwandishi, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote.

3. Namba ya ISBN ni ya nani? Namba hii ya tarakimu 13 hukitambulisha kitabu na mchapishaji wake. Ya bure kutoka kwa kampuni huwa haiwezi kutumika kwa mchapaji mwingine. Tuulize kwanza katika maktaba ya taifa.

4. Kinabaki nini mkononi? Tufanye hesabu ya mfano. Kitabu kinauzwa dola 10, mwandishi anapewa asilimia 60, yaani dola 6. Toa gharama ya kuchapa, dola 3.40, zinabaki dola 2.60. Uganda, Rwanda na Burundi hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mauzo ya huko yanaweza kukatwa asilimia 30, yaani senti 78. Mwandishi anabaki na dola 1.82, na benki nayo haijachukua chake. Tuulize pia fedha zitatufikia kwa njia gani.

5. Wasomaji wako wapi? Wakiwa Ulaya au Marekani, kuchapa kwa agizo kunafaa, maana kitabu huchapwa karibu nao. Wakiwa ni wachumaji wenzetu, nauli ya kukileta huenda ikapita bei ya kitabu chenyewe. Hapo ni afadhali tawi lichange, likachape nakala 200 kwa mpiga chapa wa mjini. Njia zote mbili zinaweza kwenda pamoja, mradi haki ziko mikononi mwetu.

Mwisho, tuagize nakala moja ya majaribio. Tuikague karatasi, gundi na herufi kama tunavyokagua kazi yetu kabla ya kuitoa kiwandani.

Maswali ya kujadili tawini

(a) Ni kifungu gani katika mkataba kilichomfunga mwenzetu?
(b) Kama bei ingekuwa dola 8, asilimia na gharama zikibaki zile zile, mwandishi angepata nini kabla ya kodi?
(c) Nani katika tawi letu anaweza kumsomea mwenzake mkataba kabla hajatia sahihi?

Mkataba usiosomwa ni deni. Tusome pamoja.